Nailoni Tatu Kwenye Tumbo la Boti

Mzee wangu Athumani,

Shikamoo. Sijui kama salamu zinafika huko, lakini siwezi kuanza barua bila kukuamkia. Utasema Mgogo huyu kakosa adabu mara tu nilipompa kisogo.

Boti la yule mvuvi wetu, Ndahani, limerudi. Lililetwa mwezi wa tano mwaka huu kutoka Mtera, juu ya lori la mahindi, limefungwa kamba kila upande. Wapagazi wanne walilishusha pale pale lilipokaa mara ya kwanza, chini ya bati, karibu na ukuta wa karakana yetu ya Kizota, wakaligeuza tumbo juu. Nilipoliona tumbo lile nilimwambia Ndahani naenda kutafuta miwani yangu, nikaenda kukaa nyuma ya mapipa ya resini. Sina miwani, Mzee. Hata yeye anajua sina.

Rangi ya bluu uliyoipaka kwa mkono wako imejaa malengelenge kuanzia kwenye mkuku, ule uti wa tumbo lake, hadi pale maji yanapoishia. Mengine madogo kama punje za karanga, mengine unaweza kuyafunika kwa kiganja. Sehemu ya juu isiyoguswa na maji inang'aa bado, hata vumbi la njia nzima halikuiharibu. Ndahani alizunguka boti lake mara mbili, kisha akaniambia kwa upole kabisa, "Safari hii nataka mkono wako, Nyemo. Mzee alikuwa ameshachoka, Mungu amrehemu. Hatumlaumu."

Nikasema sawa. Mimi mwenye mdomo, niliyekuwa nakujibu neno kwa neno miaka saba, nilisikia mtu anasema ulikuwa umechoka, anakusamehe kosa ambalo si lako, nikasema sawa.

Kuna jambo sikukuambia ulipokuwa hai. Nimelizunguka zaidi ya mwaka mzima. Leo nalisema, na nitalisema lote, hata yale ya kunidhalilisha.

Unakumbuka nilivyokuja kwako? Nilitoka Haneti na begi moja, nimesikia kuna mzee Kizota anatengeneza matangi ya faiba na bampa za mabasi, na anahitaji mtu wa kupiga msasa. Uliniangalia ukaniuliza kabila. Niliposema Mgogo ukacheka, ukasema ninyi ni watani zetu, mababu zangu walipita hapa na mizigo kutoka Unyamwezi wakawakuta mnakula vumbi. Nikakujibu kwamba ndiyo, tuliwaona mkipita mmebeba mizigo ya watu, na sijui ilikuwaje mkasahau kurudi kwenu. Siku hiyo hiyo ukanipa ovaroli. Mama Zuhura, mkeo, alisema hujawahi kumwajiri mtu kwa haraka vile.

Tulitaniana miaka yote saba. Mtu akiingia karakana na kutusikia angedhani tunagombana. Ukisema Mgogo hajui maji, nasema Mnyamwezi anajua kubeba tu, hebu beba hili pipa. Lakini kwenye kazi hukuwa na utani. Hadina ya kugandishia resini ulipima kwa kifuniko cha dawa ya kikohozi, kifuniko kimoja kile kile, na mtu akikusemesha wakati unapima unamwaga resini yote unaanza upya. Nilikuwa naona ni mbwembwe.

Na maboti ndiyo yaliyokufanya mkali zaidi. Ulinifundisha kwamba faiba ya zamani inakunywa maji. Boti likikaa bwawani miaka kumi, ngozi yake ya juu inachakaa, maji yanapenya kidogo kidogo hadi kwenye nyuzi za ndani, na kwa nje huoni kitu. Ukilipaka rangi kabla halijakauka umeyafungia maji humo. Likipigwa na jua, maji yanatafuta pa kutokea na kuinua rangi. Kwa hiyo kabla ya rangi yoyote ulikuwa unakata vipande vitatu vya nailoni, kila kimoja kama sahani. Unabandika kimoja karibu na mkuku, kimoja katikati ya ubavu, kimoja juu karibu na ukingo, unavizungushia selotepu pande zote asubuhi, na saa tisa alasiri unakwenda kutazama. Ukikuta jasho ndani ya nailoni, hakuna rangi. Unangoja wiki, unabandika tena.

Mimi nilikuwa nakucheka moyoni. Sisi tumezaliwa kwenye ukame, Mzee. Kwetu mama anaanika mlenda asubuhi, jioni unasagika. Nguo ya kwanza inakauka kabla hujamaliza kuanika ya mwisho. Mwezi wa tisa upepo wa Dodoma unapasua watu midomo, sasa boti lililokaa mwezi mzima kwenye upepo huo litabaki na maji ya wapi? Niliona nailoni zile ni mambo uliyojifunza Tanga ujanani, kwa watu wenye hewa ya bahari, ukayabeba hadi huku pasipohitajika.

Sasa fika pale penyewe, Nyemo.

Boti la Ndahani lilipokuja mara ya kwanza, mlibishana juu ya rangi siku mbili. Yeye alitaka jelikoti kwa sababu amesikia maboti mapya yanapakwa jelikoti. Ukamweleza kwamba jelikoti ni ya boti linalozaliwa, linapokuwa ndani ya kalibu, na ukiipaka juu ya boti la zamani inashika vibaya na kubaki inanata. Akasema basi rangi ya magari, kama ya mabasi, maana inang'aa. Ukasema rangi ya basi inanyeshewa tu, haikai ndani ya maji. Ukamchagulia epoksi ya kuzuia maji, mikono mitatu, na juu yake ile rangi ya kuchanganywa na hadina. Ulitaka iwe nyeupe au rangi ya maziwa, kwa sababu rangi nyeusinyeusi inalichemsha boti likiwa juani. Hapo alikataa katakata. Alitaka bluu. Ukainua mikono ukasema boti ni la kwake, lakini likiwa la bluu basi ni lazima likauke kuliko kawaida. Nilikuwepo, nilikusikia.

Wiki ya nne ya kulikausha ukapata msiba Kondoa. Uliondoka Jumanne asubuhi, ukaniachia nailoni zimebandikwa, ukaniambia nizitazame saa tisa. Na mimi Jumamosi nilikuwa na sherehe. Mdogo wangu alikuwa anapata kipaimara Haneti, nilishashona gauni, nilishamwambia mama nitafika Ijumaa kusaidia kupika. Nilijua kabisa kwamba nailoni zikiwa na jasho utaniambia nibaki, tuligeuze boti, tulioshe tena, tuanze wiki nyingine.

Jumanne saa tisa nilitazama. Ya juu ilikuwa kavu. Ya katikati ilikuwa na ukungu. Ya karibu na mkuku ilikuwa na matone, Mzee, matone yanayoteleza.

Ukapiga simu. Uliongea kwa sauti ya chini, watu walikuwa wanasoma dua nyuma yako. Ukauliza nailoni vipi. Nikasema kavu. Ukauliza zote tatu? Nikasema zote tatu, Mzee, kavu kabisa. Ukasema alhamdulillahi, ukaniambia ahsante mwanangu. Nikakata simu, nikazibandua zote, nikazitupa kwenye moto wa taka. Nilihakikisha zimeungua.

Ulirudi Jumatano jioni. Hukuuliza tena. Alhamisi ukapima hadina kwa kifuniko chako, ukapaka mkono wa kwanza. Ijumaa asubuhi wakati unapaka wa pili mimi nilishakuwa stendi na gauni langu kwenye mfuko. Sherehe ilikuwa nzuri, sitakudanganya. Nilicheza hadi visigino vikauma, na boti halikunijia akilini hata mara moja.

Ndahani akalichukua likiwa linang'aa. Mwezi wa tatu akarudi na picha kwenye simu, kisha akatupeleka Mtera tuone wenyewe. Ulichukua msumari ukatoboa lengelenge moja, maji yakatoka, yananata kidogo, yananuka siki. Uliyanusa kwenye kidole. Halafu ukageuka ukaniangalia, ukaangalia mikono yako, ukaniangalia tena. Mimi nikaanza kufuta vumbi kwenye ukingo wa boti kwa khanga. Nafuta, nafuta, pasipo na vumbi. Ndipo ukamwambia Ndahani mbele ya watu wote wa mwaloni, pale ufukweni maboti yanapofikia, "Kosa ni langu. Lilete nilirudie."

Nilisema moyoni: amejua. Ananisubiri niseme mwenyewe. Nikajiahidi kwamba nitasema tukifika Dodoma, kisha nikasema kesho, kisha Ijumaa ukitoka msikitini.

Baada ya hapo uliacha kuchanganya. Ulinipa kile kifuniko ukasema, "Changanya wewe, macho yangu siku hizi siyaamini." Nikaona kwamba ndiyo hivyo, unanipima, unaniwekea kazi mkononi ili nione aibu niseme. Nikachanganya. Nikawa nachanganya vizuri kweli, kwa ule woga, na kila siku ninayonyamaza inafanya siku ya pili iwe ngumu zaidi. Ukaanza kuumwa, ukawa unakuja karakana mara mbili kwa wiki, halafu mara moja, halafu ukakaa nyumbani Majengo. Mwezi wa sita mwaka jana binti yako Zuhura akanipigia simu alfajiri. Alikuwa analia, sikumwacha amalize.

Sasa ya matanga. Hii nimeogopa kuiandika kuliko ile ya nailoni.

Siku ya tatu tulianua matanga. Unajua watani wanavyofanya. Wagogo wa mtaa wote walikuja, wakakaa upande wao wa uani, wakaanza. Kuna aliyejifanya wewe unakula ugali huku umenuna. Kuna aliyejifanya unagombana na fundi cherehani kuhusu suruali. Watu wakacheka, wafiwa wakapumua kidogo, ndivyo inavyotakiwa. Kisha mama mmoja akanivuta akasema huyu ndiye anamjua, huyu kakaa naye miaka saba, mpeni nguo. Wakanivalisha ovaroli yako. Wakanipa kofia yako ya kazini. Bado ilikuwa na resini iliyokaukia pembeni.

Nikaigiza, Mzee. Nilitembea kama wewe, nikiuvuta ule mguu wako wa kulia. Nikapima hadina kwa kifuniko cha soda nikimfokea kila anayekohoa. Watu hoi. Nikiwa hapo katikati, nimelewa na vicheko vyao, mtu akapaza sauti, "Na boti la bluu je?" Nikachukua ufagio nikaufanya brashi. Nikapaka boti la hewani haraka haraka, nikijifuta jasho, nasema kwa sauti yako, "Limekauka hili, limekauka, mimi ni Mnyamwezi bwana, sina muda wa kungoja." Kisha nikavimbisha mashavu, nikaanza kujitoboa malengelenge usoni kwa kidole, pu, pu, pu.

Walicheka mpaka wengine wakainama. Mama Zuhura alicheka huku machozi yanamtoka. Mlangoni alikuwa amesimama Ndahani, amekuja kutoa pole, naye alikuwa anacheka na kutikisa kichwa.

Mimi ndiye niliyekosa muda wa kungoja. Nikakuvalisha wewe haraka yangu, katika nyumba yako, ndani ya ovaroli yako, mbele ya mkeo. Hakuna mtu aliyenilazimisha kuliigiza hilo la boti. Ningeweza kusema hilo silijui.

Utani haumdhuru marehemu, watu wanasema, na kwa kawaida ni kweli. Huu ulikudhuru. Ndahani alirudi Mtera akasimulia kwamba hata mwanafunzi wake mwenyewe amesema mzee alipaka bila kungoja. Maboti mawili yaliyokuwa yaje kwetu yakapelekwa Iringa. Pale mwaloni ukaitwa fundi wa malengelenge. Na mimi nikapata kazi za matangi Msalato, watu wananisifu, wanasema huyu binti ana mkono kuliko mwalimu wake.

Ndipo boti likarudi.

Nililichuna rangi yako yote. Nilitoboa kila lengelenge, nikaliosha kwa maji baridi siku nne mfululizo, nikaliacha kwenye upepo. Ndahani alikuwa anapiga simu kila baada ya siku mbili, safari hii anataka nyekundu yenye vimetameta. Baada ya wiki tatu akaja mwenyewe. Akalipapasa tumbo akasema, si limekauka hili, Nyemo, linaunguza kabisa. Nilikuwa nimebandika nailoni tangu asubuhi. Nikamwambia abandue yeye. Alibandua ile ya karibu na mkuku, akaweka kidole, kikatoka na maji. Akabaki anakitazama kidole. Akasema, "Kumbe. Na Mzee hili alikuwa halijui?"

Angalia mlango ulivyokuwa wazi, Mzee. Ningeweza kusema alijua ila alisahau. Nikahisi kabisa maneno yanapanda.

Nikamwambia alijua. Ndiye aliyenifundisha. Alizibandika tatu kama hizi, akaniachia mimi nizitazame, mbili zikawa na maji, nikamdanganya kwenye simu kwa sababu nilitaka kwenda sherehe. Nikamwambia na ya matanga pia nilikuwa nakusingizia.

Ndahani alikaa kwenye gogo tulilolilazia boti. Kisha akakasirika, na hasira yake haikuwa ya boti. Alisema, "Mimi nimemsema marehemu kwa watu, Nyemo. Nimemsema nikiwa na uhakika, kwa ajili yako." Nikasema pole. Akasema pole haimhusu yeye. Akasema ni lazima niende Mtera niseme kwa kinywa changu, maana yeye hawezi kuyarudisha maneno yangu.

Nilikwenda. Nilidhani nitasimama mbele ya umati. Nilikuta wanaume sita wanashona nyavu na kina mama wanageuza samaki kwenye chanja. Ndahani akawaambia nyamazeni, huyu ana neno. Nikasema. Hotuba yote ilikuwa ya dakika mbili. Nilipomaliza mmoja akasema sawa dada, tumekusikia. Mwingine akaniuliza kama rangi ya nyumba inafaa kwa boti lake. Basi. Jina lilipotea kwa kicheko cha siku moja, na halirudi kwa siku moja. Ila mama mmoja wa pale chanjani alinyanyuka akanisogelea. Akasema alikuwa anashangaa siku zote, kwa sababu yule mzee aliwahi kukataa kulipaka boti la mumewe mwezi mzima, akidai lina unyevu, na mumewe alimtukana. Akasema sasa ameelewa. Kisha akarudi kwenye samaki wake.

Alibaki Mama Zuhura. Kwake nilijipa moyo kwa jambo moja tu: kwamba wewe ulijua. Nilikuwa naliegemea hilo. Nilijiambia Mzee alijua tangu siku ya msumari, alinistahi, alinibebea mbele za watu, na mtu aliyekubebea ameshakusamehe. Nilikwenda Majengo Jumapili iliyopita, nikitoka ibadani. Alikuwa anachagua mchele kwenye ungo, barazani. Nikamwamkia, nikakaa kwenye mkeka, nikamweleza lote bila kumeza mate. Mikono yake iliendelea kuchagua mchele hadi nilipofika kwenye simu ya Kondoa.

Akauliza, "Zilikuwa na maji?"

Nikasema mbili.

Aliweka ungo chini, akaingia ndani. Nilidhani hatoki tena. Alirudi na beseni lile la bluu lenye ufa, lililokuwa likikaa chini ya kitanda chako. Ndani yake mna vipande vya faiba, vidogo kama daftari, vyote vimepakwa ile rangi ya bluu, na kila kimoja umekichora kwa msumari vistari vya kuhesabia. Vipande kumi na moja.

Akaniambia ulikuwa unavitengeneza kwenye kibaraza cha nyuma, siku ambazo sisi tulidhani umelala. Kila kimoja ulikipimia hadina tofauti, kidogo zaidi, kidogo pungufu, ukavitia kwenye ndoo ya maji. Kila asubuhi kabla ya dawa ulikuwa unavitoa kimoja kimoja, unavitazama, unavirudisha. Alikuwa anakuuliza unatafuta nini, pumzika. Ulimjibu, "Nailoni zilikuwa kavu, Nyemo aliziona zote tatu. Basi nimekosea mimi kupima. Nataka kujua mkono wangu ulikosea wapi." Alisema ulikuwa unavitazama hadi wiki ile ya mwisho.

Hukujua, Mzee. Hukuwa unanisubiri. Siku ile ya msumari uliponiangalia, kumbe ulikuwa unaona aibu mbele ya mwanafunzi wako. Kifuniko ulinipa kwa sababu kweli ulikuwa huyaamini macho yako. Uliniamini mimi kuliko mkono wako wa miaka arobaini.

Mama Zuhura hakunifukuza, na hakuniambia amenisamehe. Alisema tu, "Na mimi nilicheka siku ile." Kisha akanisukumia beseni, akasema nichukue, yeye hawezi kukaa nalo tena.

Boti bado halijapakwa. Nailoni za jana, ya juu kavu, ya katikati kavu, ya mkukuni ina ukungu mwembamba. Litangoja. Ndahani amekubali, na amekubali rangi ya maziwa, epoksi mikono mitano chini yake, na vimetameta vyake ataweka kwenye jina la boti huko juu. Anataka niandike na jina lako ubavuni. Nimekataa hadi nimwombe Mama Zuhura, na kumwomba jambo lolote kwa sasa siwezi.

Nakuahidi kwamba kila atakayeniuliza nimejifunza kwa nani nitamtaja Athumani, na akiuliza boti la bluu nitamweleza alidanganywa na nani. Nitasema hata nikizeeka, hata mbele ya wanafunzi wangu, hata wakinicheka. Kwako najua nimechelewa. Lala, Mzee wangu, usiamke tena asubuhi kutazama ndoo.

Vipande vyako ninavyo hapa mezani. Nimevipitia vyote kwa kucha, mbele na nyuma, mara tatu. Havina lengelenge hata moja, cha hadina nyingi wala cha hadina kidogo, maana ulivipaka vikiwa vikavu. Ulipima sawa. Mkono wako haukukosea popote.

Ni mimi,
Nyemo